Tawakkul wakati wa dhiki: Mafunzo ya Mwaka wa Majivu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu yetu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu na kumkabidhi mambo yetu, hususan pale dhiki inapotukaba na riziki inapoonekana kuwa finyu. Ni mada ambayo aghalabu hapana khatibu asiyewahi kuisemea juu ya mimbari. Nasi tumeisemea mara nyingi. Lakini tunakiri kwamba iko Ijumaa moja iliyoifanya mada hii iwe nzito kinywani mwetu, na tunaona ni haki tuanze na hiyo kabla hatujafungua vitabu.

Ilikuwa Novemba 2022. Wasomaji wetu watakumbuka hali ilivyokuwa. Huko kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na vuli ya 2022 ikawa msimu wa tano mfululizo. Huku kwetu, wafugaji wa Simanjiro walikuwa wameshaona ng'ombe wao wakifa kwa makundi mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua hata wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgao. Unga ulikuwa umepanda bei. Katika hali hiyo tulipanda mimbari, tukawaasa waumini wamtegemee Mola wao. Tukawakumbusha mafundisho ya Suratu Hud, kwamba riziki ya kila kitembeacho juu ya ardhi iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Tukawapa mfano mashuhuri alioutoa Mtume (S.A.W.), wa ndege ambao hutoka asubuhi matumbo yao yakiwa matupu na kurejea jioni wakiwa wameshiba. Hotuba ilipokelewa vizuri. Watu walitupa mikono, wengine wakasema leo tumewapoza nyoyo.

Msikiti ulipoanza kupwaya, mtu mmoja wa makamo alibaki ameegemea nguzo. Kanzu yake ilikuwa safi lakini imechakaa, na kandambili zake zilishonwa kwa uzi. Alitujia kwa adabu.

"Assalaam alaykum, sheikh."

"Wa alaykumu salaam warahmatullah, mzee wangu. Karibu."

"Sheikh, leo umetusomesha habari za ndege. Mimi nimetoka kwangu siku ya nne leo. Kila asubuhi natoka, na kila jioni narudi kama nilivyotoka. Nakuomba unionyeshe kosa langu liko wapi katika hiyo tawakkul, ili nilirekebishe."

Hakusema kwa kejeli. Alitaka kujua, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu mas'ala ya twahara. Nasi tukamjibu kama tulivyozoea: tukamwambia dhiki ni mtihani, tukamtajia subira ya Nabii Ayyub, tukamwombea dua. Akaitikia "Amin," akashika njia. Sisi tukaenda kwenye walima wa rafiki yetu, tukala pilau.

Ijumaa iliyofuata mwadhini alitueleza habari ambazo tulipaswa kuziuliza wenyewe. Mtu yule alikuwa mkulima kutoka wilaya za bara za Mkoa wa Tanga. Vuli mbili zilikuwa zimemtupa mkono, mahindi yake yakakaukia shambani yakiwa usawa wa goti. Alikuwa ameacha mke na watoto, akaja mjini kubeba mizigo sokoni, lakini sokoni nako wabebaji walikuwa wengi kuliko mizigo. Usiku akilala barazani pa msikiti wetu. Na siku ile alipotusimamisha alikuwa amefunga, kwa kuwa hakukuwa na cha kula, akaona ni heri aitie nia njaa yake. Mwadhini alidhani sisi tulilijua hilo. Sisi tulikuwa tumempa aya.

Tangu siku hiyo tumerejea tena na tena kwenye mfano wa ndege, na kila tunaporejea tunaona jambo ambalo zamani tulilipita haraka. Hadithi ile imepokewa na Imam Tirmidhi, na sahaba aliyeisikia kwa Mtume (S.A.W.) na kuifikisha kwetu ni Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Basi kama kuna mtu mwenye haki ya kutufasiria hadithi ya ndege, ni yeye. Na yeye aliifasiri kwa vitendo, katika mwaka ambao wanahistoria wa Kiislamu wameuita Aamur-Ramada, yaani Mwaka wa Majivu.

Ulikuwa mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, Umar akiwa khalifa kwa mwaka wa tano hivi. Mvua iliikatia Hijazi na majangwa yaliyoizunguka kwa muda wa miezi tisa. Ardhi ikageuka rangi, na upepo ukivuma hurusha vumbi mfano wa majivu, ndiyo maana mwaka ukapewa jina hilo. Wanyama wa porini walisogea kwenye makazi ya watu. Mtu akichinja mbuzi wake, akimtazama hukuta hana nyama ya kuliwa, akamwacha. Mabedui wakaanza kumiminika Madina kutoka kila upande, kwa kuwa palikuwa pamebaki mahali pamoja tu pa kutumainia.

Hebu tutulie hapa kidogo, kwani wako wenzetu wanaosema kila ukame ukija kwamba ni adhabu kwa sababu ya maasi ya fulani na fulani, na aghalabu huyo fulani ni jirani, si msemaji. Hao waliokumbwa na Mwaka wa Majivu walikuwa ni masahaba wa Mtume (S.A.W.). Miongoni mwao walikuwamo watu wa Badri. Khalifa wao alikuwa Umar. Ikiwa kizazi bora kuliko vyote kilipatwa na njaa ya miezi tisa, nani atathubutu kumtazama mkulima wa Handeni au mfugaji wa Simanjiro na kumpimia dhambi zake kwa kiasi cha mvua aliyopata? Suratul Baqara imetutangazia mapema kwamba tutajaribiwa kwa khofu na njaa, na kwa kupungukiwa mali, nafsi na mazao. Ni kweli kwamba Suratu Nuh imeifungamanisha mvua na istighfari, na tutalifikia hilo. Lakini istighfari ni kila mtu kuomba msamaha kwa dhambi zake yeye.

Turudi Madina. Umar alifanya nini? Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 Hijria, ametuhifadhia habari nyingi za mwaka ule katika Tabaqat zake. Jambo la kwanza lilikuwa la tumbo lake mwenyewe. Umar alikuwa mtu wa kula mkate kwa samli na maziwa. Alijizuilia samli na nyama mpaka watu wote wapate ahueni. Akawa anakula mafuta ya zeituni, na mafuta yale hayakumpatana. Rangi yake, iliyokuwa nyeupe, ikafifia na kuwa nyeusi, na tumbo likawa linanguruma. Akiligonga kwa kidole na kuliambia lingurume litakavyo, halina kitu kingine kwake mpaka watu wapate. Siku moja sokoni ilifika samli katika kiriba kidogo pamoja na maziwa. Kijana wake akamnunulia kwa dirhamu arobaini, akijua muda wa kiapo umekwisha. Umar akakataa, akaamuru vitolewe sadaka, kwani alisema vipi atayajua mambo ya raia ikiwa hayamgusi yanayowagusa.

Na kuna kisa ambacho tukikisoma darasani wanafunzi hucheka na kisha hunyamaza. Alimwona mtoto mmoja wa nyumba yake ana tikiti mkononi. Akamgombeza: umma wa Muhammad umekonda, nawe wala matunda? Mtoto akakimbia huku analia. Umar akauliza asili ya tikiti lile, akaambiwa kalinunua kwa konzi ya kokwa za tende. Kokwa! Ndicho kiasi cha anasa iliyomshtua khalifa aliyekuwa ameshaikamata Iraki na Shamu.

Sisi siku ile tulikula pilau, na hakuna aliyetugombeza.

Jambo la pili lilikuwa barua. Umar aliwaandikia magavana wake wa mikoa iliyokuwa na neema awatake msaada kwa watu wa Madina. Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), mkuu wa Shamu, alikuwa wa kwanza kufika, na katika riwaya aliyoileta Tabari alikuja na ngamia elfu nne waliosheheni chakula. Vitabu vingi hutaja pia misafara ya Amru bin Aas kutoka Misri, ingawa wanahistoria wamelijadili hilo, kwa kuwa Misri ilikuwa haijafunguliwa wakati ule. Inayoelekea zaidi ni kwamba Amru alikuwa bado Palestina. Hilo la tarehe halibadili mas'ala yetu. Linalotuhusu ni kwamba Umar, aliyeisimulia hadithi ya ndege, hakukaa akingoja chakula kishuke kutoka mbinguni. Aliona kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kukiteremsha, ila kiko Shamu, na kinahitaji ngamia.

Jambo la tatu lilikuwa mgongo wake. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kwamba alimwona mwaka ule amebeba magunia mawili mgongoni na chombo cha mafuta mkononi, akipokezana na mtumishi wake Aslam, wakielekea kwa kundi la watu waliopiga kambi nje ya mji. Alipofika aliwapikia. Masufuria yalitengwa tangu alfajiri, na wafanyakazi wakasimamia upishi. Usiku mmoja aliamuru wahesabiwe waliokula pale, wakapatikana watu elfu saba. Wagonjwa na watoto waliopelekewa chakula walipo wakakaribia elfu arobaini. Kiongozi anayehesabu wenye njaa ni kiongozi anayetaka kujua. Nasi hatukumhesabu hata mmoja aliyelala barazani petu.

Wakati huohuo alisitisha kumkata mkono mwizi aliyeiba kwa sababu ya njaa, kwani shubuha ya dharura imeondosha haddi. Na zaka ya mifugo hakuikusanya mwaka ule. Aliwaacha watu mpaka neema iliporudi, ndipo akapeleka wakusanyaji. Anayedhani sharia ni ukali mtupu na ayasome haya. Imepokewa vilevile kwamba alisema lau Mwenyezi Mungu asingeiondoa njaa ile, angeiingizia kila nyumba ya Waislamu watu wengine kwa idadi ya waliomo, kwani watu hawafi kwa kula nusu ya matumbo yao. Sentensi hii, ndugu msomaji, tunaiona kuwa ni katika fiqhi nzito kabisa ya riziki. Umar hakuwa na shaka kwamba riziki ya wale watu ipo. Alichokiona ni kwamba riziki ya mtu inaweza kuwa imewekwa katika sahani ya mwenzake.

Ndipo tunafika kwenye dua. Alitoka na watu kwenda kuomba mvua. Katika Sahih Bukhari, kwa riwaya ya Anas (R.A.), imekuja kwamba alimtanguliza Abbas bin Abdul Muttalib (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), katika maombi yale, nao wakanyeshewa. Na katika riwaya nyingine hakuzidisha katika maombi yake ila istighfari, hata watu wakashangaa kwamba hawakumsikia akiomba mvua, naye akawarejesha kwenye maneno ya Nabii Nuh (A.S.) kwa kaumu yake. Angalieni mpangilio wa mambo. Dua ya Umar haikuwa mbadala wa magunia. Wala magunia hayakumfanya aone kwamba dua ni ya ziada. Mvua iliponyesha hakukaa chini pia, bali aliwasimamia mabedui warejee makwao, akawapa chakula na vipando vya njiani. Alijua kuwa mtu aliyefilisika hawezi kurudi nyumbani kwa sababu tu mbingu zimefunguka.

Hapa inafaa tulitazame neno lenyewe. Sisi Waswahili tunalo jamaa yake nyumbani na wengi hatujatambua: ni neno "wakili." Tawakkul na wakili ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Kutawakali ni kumfanya Mwenyezi Mungu kuwa wakili wako. Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, sawa na 1111) ameijengea juu ya maana hiyo sehemu kubwa ya mlango wake wa tawakkul katika Ihya. Anazitaja daraja tatu. Ya chini ni ya mtu aliyemwamini wakili wake mahakamani: anajua wakili ni mjuzi, mkweli na anamhurumia, basi moyo wake umetua. Ya kati ni ya mtoto mchanga kwa mama yake, asiyejua pengine pa kukimbilia. Ya juu ni ya maiti mikononi mwa mwoshaji. Wengi wetu hupenda kuirukia hiyo ya tatu, maana inasikika tamu kwenye mawaidha. Lakini hebu fikiri juu ya ile ya kwanza. Mtu mwenye kesi, hata awe na wakili hodari namna gani, wakili akimwambia lete hati, lete mashahidi, fika saa mbili, naye akakaa kitandani akisema nimemwachia wakili, huyo hakumtegemea wakili wake, amemwasi. Na Ghazali mwenyewe amesema waziwazi kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono kwa hoja ya kutawakali, huo ni wendawazimu na si tawakkul. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba mkono, na ndiye aliyeujaalia kuwa sababu.

Umar alilisema hilo kwa ufupi zaidi. Alikutana na watu kutoka Yemen wasiofanya kazi, akawauliza wao ni nani, wakajibu kuwa ni wenye kutawakali. Akawakatalia, akasema mwenye kutawakali ni yule anayeitupa mbegu yake ardhini kisha akamtegemea Mola wake. Tunamwomba msomaji aiweke mbegu hii kando, tutaihitaji.

Bibi Hajar naye alipoachwa katika bonde lisilo na mmea, aliuliza kama hilo ni amri ya Mwenyezi Mungu, na alipojibiwa ndiyo alitulia. Huo ndio moyo uliotawakali. Maji yalipomwishia, moyo huohuo ukamkimbiza baina ya Safa na Marwa mara saba. Maji hayakutoka Safa wala Marwa. Yalitoka penye miguu ya mtoto. Lakini Mwenyezi Mungu ameifanya mbio yake kuwa ibada ya mahujaji mpaka Kiyama, mbio ambayo kwa hesabu zetu za kibinadamu haikuzaa tone.

Basi na turudi kwa mzee wetu. Swali lake lilikuwa: kosa langu liko wapi katika tawakkul? Tumelizungusha swali lile usiku na mchana, na jibu lililotudhihirikia ni kwamba yeye hakuwa na kosa. Alitoka kama ndege. Alikuwa ametimiza sehemu yake yote ya hadithi. Kosa lilikuwa kwetu. Mwenyezi Mungu alimwelekeza njaa yake mpaka kwenye mlango wa msikiti wenye kamati, wenye sanduku, wenye waumini waliokula wakasaza, na wenye khatibu aliyesoma madrasa na chuo kikuu na anayeihifadhi kwa moyo aya ya Suratu Tawba inayowataja mafukara na masikini mwanzo kabisa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Riziki ilikuwa imeshafika pale msikitini kabla yake. Sisi tulikuwa ngamia wa Abu Ubayda, tukakataa kunyanyuka.

Wako watakaosema kwamba tukifungua mlango huo kila mtu atakuja kuomba, na misikiti itajaa wavivu. Hoja hii tumeisikia katika kamati yetu wenyewe, na mzee mmoja tunayemheshimu sana aliisemea kwa ukali. Haina uzito kama inavyodhaniwa. Katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Ansari aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Wanazuoni wa hadithi wamezungumza juu ya sanadi yake, lakini mafaqihi wameinukuu sana kwa uzuri wa maana yake. Mtume (S.A.W.) alimuuliza ana nini nyumbani, akasema ana tandiko la kujifunika na kulalia, na chombo cha kunywea maji. Akaamuru vikaletwa, akavinadi mwenyewe, vikauzwa dirhamu mbili. Moja anunulie chakula cha ahali zake. Ya pili anunue shoka. Mtume (S.A.W.) akaitia mpini kwa mkono wake, akamwambia akakate kuni, asimwone kwa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Tunachokitaka wasomaji wakione ni kwamba chakula kilitangulia shoka. Hakumwambia nenda kafanye kazi huku watoto wana njaa. Na hakumpa chakula bila shoka.

Tulimtafuta mzee yule kwa wiki mbili. Wapo waliosema amekwenda Mkuranga, wengine wakasema amerudi kwao. Wiki ya tatu kijana mmoja wa madrasa alimwona kwenye soko la ndizi, akatuletea. Aliketi mbele yetu kwa wasiwasi, akidhani labda pale barazani kumepotea kitu. Tulimwomba radhi. Alistaajabu, akasema, "Sheikh, wewe uliniombea dua. Mimi nakushukuru." Tukamwambia kamati imekaa, na kuna fungu lake katika zaka, basi aseme anahitaji nini. Tulitarajia ataje fedha, au nauli, au mtaji wa biashara ndogo mjini.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbegu, sheikh. Za mtama, ule unaowahi. Mahindi hayanifai tena kwa sasa. Na unga wa kuwafikisha watoto mpaka masika."

Vuli mbili zilikuwa zimemnyima, naye anaomba mbegu. Tuliokuwapo pale tulikuwa watano, na tunaamini hapana hata mmoja ambaye hakuyakumbuka maneno ya Umar kwa watu wa Yemen. Mzee wa kamati aliyekuwa akihofia wavivu ndiye aliyesimama kwanza, akaenda kutafuta mbegu, na nauli akaitoa mfukoni mwake.

Alirejea kwao Januari 2023. Kabla hajaondoka tulimfundisha taratibu za swala ya kuomba mvua kama zilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, ili awasaidie wenzake kijijini: watu wafunge siku tatu, watubie, watoe sadaka, na aliyemdhulumu mwenziwe amrudishie haki yake, kisha siku ya nne, wakiwa bado na saumu, watoke uwanjani kwa nguo za kawaida na kwa unyenyekevu, pamoja na wazee na watoto na hata mifugo. Alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu: kwa yule anayedaiwa shamba na ndugu yake, je, ni lazima alirejeshe kabla ya swala? Tukamwambia naam, hilo ndilo lenye kutangulia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Hatukumuuliza zaidi.

Tusingependa msomaji adhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Masika ya 2023 mvua ilikuja, lakini ilikuja kwa kusitasita. Mtama ulistahimili, na ndege nao, wale wa hadithi, walikula sehemu yao. Alitupigia simu akatuambia hilo huku anacheka, kwamba watoto walishinda shambani wakiwafukuza na wao wakishinda wakirudi. Alipata magunia manne. Kisha vuli ya mwaka ule ikaja na mvua za El Niño, zile zilizoleta maafa Hanang mwezi Desemba 2023, na huko kwake maji yakaondoka na sehemu ya shamba la bondeni. Binti yake mdogo aliugua sana katika siku zile, akapona kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Kila tulipomuuliza hali alitujibu kwa tahmidi, na hatukuwahi kusikia katika sauti yake kwamba Mola wake anamdai maelezo.

Baada ya mavuno yale ya kwanza, kijana mmoja alishuka kwenye basi la Tanga akatuletea debe la mtama, juu yake pamefungwa kikaratasi. Nisabu ya mazao ni wasaqi tano, ambazo kwa vipimo vyetu hukadiriwa kilo 653, na magunia yake manne yalikuwa mbali na kiwango hicho, kwa hiyo hakuwajibika kutoa chochote. Yeye alilijua hilo. Kwenye karatasi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba hii si zaka, haijafika nisabu, ni sadaka, wapewe wanaolala barazani.

Mtama ule ulipikwa uji kwa siku tisa. Wallahu aalam.